Ng'ombe Kwenye Barafu

Kila mwanamke wa Bariadi alikuwa anapika, lakini ukisema "naenda kwa Mpishi" hakuna aliyekuuliza yupi. Alikuwa mpishi wa Waswidi, wale wachimba visima waliokaa kambini nje ya mji kwa miaka mingi. Mradi ulipofungwa na wao wakarudi kwao, yeye alibaki na sufuria zao, aproni ya bluu na msemo mmoja wa Kiswidi. Sufuria zilitoboka. Aproni ilichakaa mpaka ikabaki kufuta meza. Msemo ndio uliobaki mzima. Mimi nilichukua muda mrefu kujifunza kuusema mahali pake, na yeye aliyenifundisha alichukua muda mrefu zaidi yangu.

"De e ingen ku po isen." Naandika kama nilivyousikia, sijawahi kuuona umeandikwa. Maana yake ni kwamba hakuna ng'ombe kwenye barafu.

Niliingia Bariadi nimekaa juu ya lori tupu lililokuja kufuata pamba. Shule niliiacha darasa la nne, mwalimu alipochora ramani ya Tanzania ubaoni. Nilitaka kwenda kuhakikisha kama ile miji ipo kweli. Mingi ipo. Bariadi nilikusudia kulala usiku mmoja, nikaonja matobolwa ya Mpishi, vile viazi vitamu vya kukausha na kupika, nikakaa misimu kadhaa nikipakia marobota.

Banda lake lilikuwa la mbao na mabati, mkabala na kinu cha pamba. Ilikuwa ile miaka ya kwanza ya soko huria. Zamani pamba ililala ghalani ikingoja chama cha ushirika kikumbuke kuja kuichukua. Sasa wanunuzi walitoka Mwanza, walitoka Shinyanga, kila mmoja na mizani yake na lori lake, wakifukuzana vijijini nani atangulie kufika. Mji mzima ulijifunza kukimbia katika msimu mmoja. Watu walikula wamesimama, funguo za gari mkononi. Mpishi alikuja katikati ya mbio hizo, anaweka sahani mezani na kusema, "Kaa chini ule. Hakuna ng'ombe kwenye barafu."

Wageni walipata tabu. Kwetu sisi barafu ni ile nyekundu ya kwenye mfuko wa nailoni, mtoto anaing'ata kona na kuifyonza. Na ng'ombe ni ng'ombe. Ukimwambia Msukuma "hakuna ng'ombe", moyo unamshuka kabla hujamaliza sentensi. Mnunuzi mmoja aliuliza kama nyama imekwisha. Mzee mmoja aliweka chini tonge lake, akamwita mama kwa Kisukuma, "Pole sana, mayu. Ni ugonjwa au wamekuibia?" Mpishi hakueleza. Alisema tu, "Kula."

Namna alivyoupata msemo wenyewe alinisimulia mara nyingi, na kila mara alicheka kabla ya kufika panapochekesha.

Kambini kulikuwa na Injinia, Mswidi kijana, mrefu, shingo nyekundu kama embe bivu. Mtambo wa kuchimbia ukivunjika, Injinia anaegemea gari na kusema ule msemo. Mabomba yakichelewa kutoka Mwanza, anausema. Mpishi alikuwa mtu wa kutazama. Alitazama akaona kwamba msemo unatoka palipo na hasara, akafikia uamuzi ambao mimi mpaka leo naona ni wa akili: huu ni mkono wa pole wa Kiswidi. Hasara gani inazidi kukosa ng'ombe?

Basi siku moja ikaja habari kwamba bibi yake Injinia amefariki huko kwao. Mpishi alivua aproni, akanawa mikono, akaenda hemani kwake. Akasimama kama watu wanavyosimama msibani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwa sauti ya chini, "De e ingen ku po isen."

Injinia alimtazama. Kisha alicheka. Kisha akalia. Kisha akacheka tena huku analia, akavuta kiti, akamkalisha, na alasiri ile yote akamchorea ziwa mchangani kwa kijiti. Alisema bibi yake angelipenda jambo lile kuliko maua yote yaliyopelekwa kanisani.

Kwao, alieleza, kuna majira ziwa linaganda mpaka linakuwa gumu. Watu wanapita juu yake kwa miguu. Ng'ombe naye anasikia harufu ya maji, anakanyaga. Kama miguu ya mbele iko kwenye barafu lakini ya nyuma bado iko nchi kavu, tulia, maliza chakula chako, utamvuta mkia. Lakini akishaingia mwili mzima, acha kila kitu ukimbie.

"Mchungaji yuko wapi?" Mpishi aliuliza.

"Hakuna mchungaji. Ni msemo tu."

"Yaani wamewaacha ng'ombe ziwani peke yao."

"Ni msemo, Mama."

"Haya. Na huyo aliyekwisha kuingia, mnamtoaje?"

Injinia alilifuta ziwa kwa kiatu. Alizaliwa na kukulia mjini, ghorofa ya nne. Mpishi alipofika hapa kwenye hadithi alifumba macho kwa raha. "Kila siku anamtaja ng'ombe," alisema, "na hajui hata ana chuchu ngapi."

Lakini kitu kimoja alikichukua kwa Injinia akakifanya sheria: kwanza utazame, ndipo useme. Aliona kwamba Injinia, kabla ya kusema, huzunguka mtambo mzima kwanza, anachungulia chini, anagusa bomba. Ule msemo haukuwa dawa ya kutuliza watu. Ulikuwa taarifa. Mtu ameshakwenda kuangalia, na sasa anakuambia alichokiona.

Naye akafanya hivyo hivyo. Aliweka kiganja juu ya nyusi, akatazama mizani kule kinuni, akatazama mawingu upande wa Serengeti, akatazama chungu, ndipo akatoa hukumu. Madereva walimtegemea. Dereva amemaliza sahani ya kwanza, anatamani ya pili, foleni inasogea, anauliza, "Mpishi, yupo?" Mpishi anatoka mlangoni, kiganja juu ya nyusi. "Hayupo. Ongeza." Au, "Yupo, tena anateleza. Nenda." Alikosea mara chache, na alipokosea alimlaumu dereva.

Mimi nilikosea mara nyingi. Tulikuwa tunatoka Sola na shehena ya pamba, mimi nimekaa juu, na tairi la nyuma likaanza kutoa moshi. Dereva alisimamisha lori, akaruka chini, akawa anachota mchanga kwa mikono. Mimi nilitaka ajue kwamba yule utingo wake ana lugha ya Ulaya. Nikamwambia kutoka kule juu, "Tulia, kaka. Hakuna ng'ombe kwenye barafu." Tairi lilipozimwa aliniambia niteremke nitembee. Nilitembea. Jioni nilifika kwa Mpishi na vumbi mpaka kwenye kope, nikamsimulia. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Uliangalia?" aliniuliza alipopata pumzi.

"Niangalie nini?"

"Ng'ombe. Uliangalia yuko wapi kabla hujafungua mdomo?"

"Hapakuwa na ng'ombe, Mama. Palikuwa na tairi."

"Basi tairi ndilo ng'ombe, Mzururaji wewe. Na lilikuwa linawaka. Huyo alikuwa katikati ya ziwa."

Mzururaji ndilo jina alilonipa, nami sikulikataa.

Mara nyingine nilimwambia hivyo hivyo mnunuzi ambaye pamba yake yote ilikuwa imenyeshewa, akiwa ameshika kichwa. Mpishi alinivuta kwa shati mpaka jikoni. "Huyo ng'ombe alikwisha kuzama," alininong'oneza. "Aliyezama haambiwi hivyo. Aliyezama anapewa pole na chai." Akampelekea chai yeye mwenyewe.

Sasa nikisema hivi utadhani alikuwa mtu mtulivu. Sijaona mtu mwenye haraka kama yule. Alitembea kama anayekimbizwa na nyuki. Aliwaambia watu wote wakae wale vizuri, na yeye alikula amesimama mlangoni mwa jikoni, tonge mkono huu, mwiko mkono huu. Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini radi ikipiga alifunika kioo kwa khanga kama bibi yake alivyofanya, na ukimuuliza alisema ni kwa ajili ya vumbi. Alidai hapendi watu wanaoongea, halafu ukinyamaza alikuja kukuuliza kama unaumwa. Na yeye aliyetufundisha kutazama kwanza, kulikuwa na jambo moja ambalo hakulitazama kabisa. Alilipa mgongo.

Jambo lenyewe alikuwa mzee mmoja mfugaji kutoka Kimali, kule Meatu. Mjane, mtu wa maneno machache, na mkononi bakora aliyoichonga mwenyewe. Kila mnada wa ng'ombe alikuja Bariadi, na mnada ukiisha alikuja kwa Mpishi na kibuyu cha samli, akakaa pembeni pale pale.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Utakula nini?"

Anakula polepole. Akimaliza ananawa, anasubiri Mpishi apite karibu, anauliza neno moja. "Lini?"

Mpishi naye, mgongo umemwelekea, anakoroga: "Hakuna ng'ombe kwenye barafu."

Mara ya kwanza aliposikia jibu hilo, yule mzee alichukua bakora yake akaondoka. Mnada uliofuata alikuja na mitamba mizuri, myeupe yenye madoa, akaifunga kwenye nguzo ya banda. Mpishi alitoka na mwiko.

"Hawa wa nini?"

"Ulisema hakuna."

Watu wa kinuni walitoka nje kucheka. Mpishi hakucheka siku ile. Alimvuta ndani, akamchorea ziwa kwa mchuzi juu ya meza kama alivyochorewa yeye. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe unasema hakuna haraka," alisema. "Hilo naliweza. Mfugaji anangoja mtamba mpaka uzae." Akafungua mitamba yake akarudi nayo Kimali, na mnada uliofuata akaja kuuliza, "Lini?"

Ikawa ndivyo, msimu baada ya msimu. Sisi wateja tulizoea kama tulivyozoea king'ora cha kinu. Siku moja, tukiwa wawili tu, nilimuuliza Mpishi kwa nini asikubali. Alimaliza kwanza kumenya kiazi alichokishika.

"Mume wangu wa kwanza alikuwa mtu mzuri," alisema. "Alikufa wakati najifunza kumzoea. Huyu nimeshamzoea. Sasa nikimwoa je?" Alisema hivyo hivyo, nikimwoa, kana kwamba ni yeye atakayetoa mahari. Kisha akanitupia viazi nimenye.

Ukaja mwaka wa jua. Majani yaliisha Meatu, yakaisha Maswa, na wafugaji wengi wakawa wanahamisha mifugo kusini, Usangu na zaidi ya Usangu, huko ambako mtu akienda hutuma salamu mara moja kwa mwaka. Siku ya mnada mzee wa Kimali alikuja na wanawe na kundi lote. Ng'ombe wazee na vilema waliwauza. Waliobaki wangeshika njia ya Maswa siku ile ile, kabla jua halijazama.

Aliingia bandani, akatoa kibuyu cha samli, akala kama siku zote, ila hakukaa pembeni pake. Alikaa karibu na mlango.

"Mayu, nahama na watoto," alisema. "Nimekuja kukuaga."

Mpishi alikuwa anasonga ugali wa watu wote wa kinuni, sufuria kubwa. Mgongo ukabaki mgongo.

Mzee alinawa. Alisubiri. Siku ile hakuuliza lini. Alichukua bakora yake, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, akatoka.

"Hakuna ng'ombe kwenye barafu," Mpishi aliiambia sufuria.

Sikuamrishwa na mtu. Nilitoka nje, nikaweka kiganja juu ya nyusi kama alivyonifundisha, nikatazama. Vumbi lilikuwa limesimama juu ya njia ya Maswa. Vichwa vya kundi vilikwisha kupita mti wa mwisho wa mji, wana wa mzee wanapiga mluzi, na yeye mwenyewe anatembea nyuma kabisa, bakora begani, hageuki.

Nikarudi ndani.

"Mama."

"Unataka nini?"

"Nimeangalia."

Mwiko ulisimama. "Umeangalia nini?"

"Yupo. Miguu yote minne, na mkia."

Hakuna aliyetafuna. Hata yule dereva aliyekuwa anagombania mfupa aliuweka chini. Mpishi aligeuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona hajui afanye nini na mikono yake.

"Nani atasonga ugali?" aliuliza.

"Mimi."

"Wewe hujui kusonga."

"Sijui. Kimbia, Mama."

Alikimbia. Alitoka na mwiko wenye ugali na aproni yake, kiatu kimoja kikabaki mlangoni, akapita mbele ya kinu, na wapakiaji wote wakasimama juu ya marobota wakimpigia makofi bila kujua ni ya nini. Mimi nilibaki kusonga. Ugali ulikuwa na mabonge mabichi huku na umeungua huku. Waliula, na wananisema mpaka leo.

Kwa hiyo yaliyotokea njiani sikuyaona, niliyapata kwa wana wa mzee. Walisema hakuita jina wala hakulia. Aliwapita, akalipita kundi, akaenda kusimama mbele ya ng'ombe wa kwanza na mwiko juu, na ng'ombe wakasimama, maana ng'ombe wanamjua mtu asiye na mzaha. Mzee alikuja kutoka nyuma, anapenya katikati ya pembe.

"Mayu, kuna nini?"

"Unakwenda wapi?"

"Ulisema hakuna haraka."

"Nilikuwa sijaangalia," Mpishi alisema.

Mzee alifikiri kidogo. Akampa mwanawe mkubwa bakora, akamwambia njia ya kupita na visima vya kunyweshea, akachagua ng'ombe wa maziwa na mitamba ya kutosha heshima, akawageuza vichwa kuelekea Bariadi. Wanawe waliendelea kusini. Walimwambia Mpishi, "Mayu, tutunzie baba." Akawajibu wavae viatu.

Harusi niliicheza, nikalewa, na baada ya mavuno nikaondoka. Nilitaka kuona Kigoma. Kutoka Kigoma nikataka kuona nyuma ya Kigoma. Miaka ikaenda kama lori lisilo na breki.

Niliporudi nilikuwa nimeanza mvi. Kinu kilikuwa na rangi mpya na mwenyewe mwingine. Banda la mbao lilikuwa limekuwa nyumba ya matofali, ndani kuna friza inayovuma, na Mpishi alikuwa amekaa. Nilisimama mlangoni kumtazama. Amekaa kwenye kiti, sahani iko mezani, anakula polepole kama mtu aliyealikwa. Kichwa cheupe, aproni mpya ya bluu.

"Mzururaji," alisema bila kusimama. "Umekonda. Kaa."

Mzee wa Kimali alikuwa jikoni anakata nyama. Alifurahi kuniona mpaka akafungua friza kunionyesha. Ndani mlikuwa na mguu mzima wa nyuma wa ng'ombe, umeganda kama jiwe.

"Miaka yote ile alikuwa ananiambia hayupo," alisema. "Sasa nimemweka mwenyewe."

"Sivyo unavyotumika," Mpishi alisema kutoka mezani. "Nimemfundisha mpaka nimechoka. Anausema kwa kila kitu. Juzi kausemea jogoo."

"Jogoo alikuwa hana haraka," mzee alisema.

Tulikula. Waliniuliza nilikopita, nikawaeleza. Mpishi alikuwa na swali moja tu alilolitunza.

"Huko kote, umekutana na Waswidi?"

"Wawili. Mmoja Mwanza, mmoja Kigoma."

"Uliwauliza ng'ombe anatolewaje, akishaingia mwili mzima?"

"Niliwauliza. Hawajui."

"Na bado wanausema?"

"Bado wanausema."

Alitikisa kichwa kwa furaha kubwa, kama mtu aliyeshinda kesi.

Nilikuwa nimeomba lifti kwenye lori la mbegu lililokuwa linakwenda Musoma, na likaanza kupiga honi nje wakati nimeshika tonge. Nikainuka. Mzee akanishika mkono, akanikalisha. "Kula, mwanangu," alisema. "Hakuna ng'ombe kwenye barafu."

Nikamtazama Mpishi. Alinyanyuka taratibu, akaenda mlangoni, akaweka kiganja juu ya nyusi, akaitazama barabara upande huu na upande ule kama alivyoitazama miaka yote. Kisha akafunga nyama yangu kwenye karatasi, akanishindilia mkononi.

"Yupo," alisema. "Kimbia."